Madaftari Sita ya Mwalimu Tone

Ndugu, majirani, walimu na wanafunzi mliofika kutusindikizia mtu wetu, poleni kwa jua na poleni kwa safari. Naomba mnivumilie, maana karatasi nitakayoisoma siyo ile iliyopitishwa jana na kikao cha familia, ile ilikuwa ya ukurasa mmoja, imenyooka, nami mwenyewe ndiye niliyeipiga chapa, lakini leo asubuhi nimeiacha mezani nikaandika hii kwa mkono, na wifi yangu, mke wa marehemu, ameipitia yote kabla hatujatoka nyumbani, akanirudishia akisema, "Kasome, na usiruke hata mstari." Mimi ni mdogo wake marehemu, niliyemfuata ziwa, na kwa miaka ishirini na saba nilikuwa katibu muhtasi katika ofisi ya mkuu wa chuo alichofundisha, kwa hiyo mambo mengi nitakayoyasema niliyaona kwa macho yangu, na mengine, Mungu anisamehe, niliyafanya kwa mikono yangu.

Marehemu alizaliwa siku ya Ijumaa, tarehe 9 Mei 1958, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha ngozi, akiwa mtoto wa tatu kati ya watoto wanne, baba yetu akiwa mfanyakazi wa kiwanda hicho kwenye mapipa ya kulainishia ngozi, na mama yetu akiwa mtengenezaji wa sabuni za miche, ambazo alizichemsha uani kwenye pipa lililokatwa. Marehemu alikuwa akisema kwamba kemia aliianzia pale uani, akiwa na umri wa miaka sita, siku alipomuuliza mama kwa nini mafuta yanayochafua nguo yakipikwa yanageuka kuwa kitu cha kuondolea uchafu, mama akamjibu kwamba akiendelea kuuliza maswali badala ya kukoroga atalala bila kula.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1965 hadi 1971, kisha sekondari kuanzia Januari 1972, na mwezi Novemba 1975 alifanya mtihani wa mwisho, akafaulu masomo yote isipokuwa moja, na hilo moja lilikuwa kemia, akaanguka vibaya, akarudia mwaka mzima akiwa darasani na watoto waliokuwa nyuma yake, wakimwita babu, akajikaza kisabuni mpaka akafaulu. Hati ya matokeo yale ya kwanza hakuitupa, aliitia kwenye fremu ya mbao akaitundika ukutani mwa maabara yake, na kila mwanafunzi mpya siku ya kwanza alipelekwa pale akaisome kwa sauti. Alijiunga na chuo cha ualimu mwezi Septemba 1979 na kuhitimu tarehe 27 Novemba 1981.

Tarehe 1 Februari 1982 aliajiriwa katika chuo chetu cha jamii kama mtunza stoo ya maabara, kwa kuwa nafasi ya ualimu haikuwapo, na mwaka 1985 akapandishwa kuwa mwalimu wa kemia, kazi aliyoifanya kwa miaka thelathini na moja katika chumba kilekile, cha ghorofa ya chini, kando ya banda la baiskeli, chenye meza sita ndefu zilizobabuka, mabomba manne ambayo mawili ndiyo yaliyotoa maji, na feni ya kutolea moshi iliyokufa mwaka 1994 na kuandikiwa barua kumi na nane za maombi, ambazo zote nilizipiga chapa mimi. Wanafunzi wake hawakuwa watoto wa shule, walikuwa watu wazima wenye kazi zao, wachaji betri, wapaka rangi vitambaa, wahudumu wa wodi, watu wa mitambo ya maji, waliokuja saa tisa alasiri na Jumamosi asubuhi wakiwa wamechoka, na wengi wao walikuwa wamekwisha kuambiwa na walimu wengine kwamba kemia siyo ya kwao.

Wao ndio waliompa jina la Mwalimu Tone, ambalo wengi wenu mnalijua kuliko jina lake la ubatizo, kwa sababu katika zoezi la kudondosha kimiminika kutoka kwenye bureti hadi asidi iliyo chini ibadilike rangi, alikuwa akisimama nyuma ya mwanafunzi, mikono mgongoni, akinong'ona, "Bado tone, bado tone, usiwe na pupa, sasa tone," na mtu akizidisha, maji yakawa mekundu kama juisi, yeye hucheka na kusema, "Hiyo sasa ni sharubati, kamwage uanze upya." Alikuwa na sheria moja isiyo na mjadala, kwamba katika daftari la maabara hakuna kufuta, mlangoni aliweka kopo la maziwa na kila anayeingia alitumbukiza humo raba yake, na ukikosea unapiga mstari mmoja mwembamba juu ya kosa ili liendelee kusomeka, unaandika jibu jipya pembeni, unaweka tarehe na saini yako. Madaftari ya wanafunzi wake yalikuwa na mistari, madoa ya zambarau, kingo zilizounguzwa na asidi, namba zilizokatwa mara tatu, na yeye aliyapenda hivyohivyo, akasema daftari lisilo na kosa ni la mtu ambaye hakuwapo maabara.

Marehemu alifunga ndoa siku ya Jumamosi, tarehe 16 Desemba 1989, na fundi cherehani aliyekuwa na duka mkabala na geti la chuo, baada ya kumpelekea suruali zenye matundu ya asidi kila wiki kwa muda wa miezi minne, mpaka fundi huyo akamuuliza kama chuo kinafundisha kemia au kinafundisha kutoboa suruali, na yeye akakiri kwamba tatu za mwisho alizidondoshea asidi makusudi. Mungu aliwajalia watoto wawili, wa kwanza binti, aliyezaliwa tarehe 3 Machi 1991, ambaye ni muuguzi, na wa pili kijana, aliyezaliwa tarehe 22 Agosti 1994, ambaye ni fundi wa magari makubwa, na wote wawili wako hapa mbele, na wote wawili jambo ninalokuja kulisema wamelisikia kwa mara ya kwanza asubuhi hii.

Katika ile karatasi ya jana iliandikwa kwamba mwaka 2016 marehemu aliacha kufundisha kemia kwa sababu za kiafya. Si kweli, mwaka ule alikuwa mzima wa afya kuliko mimi.

Mwaka 2016 baraza linalosimamia vyuo vyetu lilianzisha tuzo ya mwalimu bora wa kemia, na Jumatatu tarehe 4 Julai mkuu wa chuo alimteua marehemu, akamwambia wazi, nami nikiwa nimeketi palepale na daftari langu la kumbukumbu, kwamba idara ya kemia ina wanafunzi wachache na gharama kubwa, kwamba bodi imepanga kuifunga Desemba na kile chumba kiwe cha kompyuta, na kwamba njia pekee ya kuiokoa ni tuzo ile, kwa kuwa maabara ya mshindi ingepewa vifaa vipya na hakuna bodi ambayo ingethubutu kuifunga. Marehemu aliitikia kwa kichwa tu, akatoka, lakini wifi yangu aliniambia kwamba jioni ileile alimwomba amshonee koti jeupe jipya, lenye mfuko wa ndani, na kwamba alisimama mbele ya kioo akilijaribu huku akijifanya anatafuta miwani.

Waamuzi walitaka madaftari ya maabara ya wanafunzi sita, ya mwaka ule, yaambatanishwe na maombi, na Jumatatu tarehe 18 Julai marehemu aliyaleta ofisini kwetu yamefungwa kwa kamba, akayaweka juu ya meza yangu, akaniambia, "Mdogo wangu, haya ndiyo macho yangu, yafike salama." Alipotoka niliyafungua, nikaona mistari ile, madoa yale, namba zilizokatwa na kuandikwa upya, na mimi ni mtu wa ofisi, kazi yangu maisha yote imekuwa barua isiyo na kosa, ukikosea herufi unatoa karatasi unaanza upya, nikashikwa na aibu kwa niaba ya kaka yangu, nikasema moyoni kwamba uchafu huu ukifika mbele ya wakubwa atachekwa, na chumba chake kitafungwa, na mimi nitakuwa nimekaa nikitazama.

Nikanunua madaftari sita mapya, nikayanakili yote, siku kumi, kila nikitoka kazini, kwenye meza ya jikoni kwangu, nikibadilisha kalamu na mlalo wa mwandiko ili kila mwanafunzi awe na wake, na saini ya kaka yangu nikaiiga chini ya kila ukurasa, maana naijua tangu tukiwa watoto. Kila palipokatwa niliandika jibu la mwisho tu, na zaidi ya hapo, nilipoona mtu amepima kitu kimoja mara tatu akapata ishirini na tatu nukta tisa, kisha ishirini na nne, kisha ishirini na tatu nukta nane, nilidhani hizo ni hitilafu, nikazisawazisha zote zikawa ishirini na tatu nukta tisa, mara tatu, katika madaftari yote sita, nikajisifu kwa kazi nzuri. Ijumaa tarehe 29 Julai niliyatuma madaftari yangu, na yale halisi nikayafungia kwenye kabati la ofisi.

Wale waamuzi walikuwa wanakemia, na mwanakemia yeyote anajua kwamba hakuna mkono wa binadamu unaodondosha mara tatu ukapata sawasawa bila tofauti, tena watu sita, mwaka mzima, bila kosa hata moja. Jumatano tarehe 19 Oktoba 2016 marehemu aliitwa mbele ya baraza, akaenda amevaa lile koti jipya akidhani anaenda kuhojiwa kama mshindani, na mwalimu mwenzake wa fizikia, aliyemsindikiza, alinisimulia baadaye kwamba walimwekea madaftari sita mezani wakamuuliza nani ameyapika majibu haya, akafungua la kwanza, akafungua la pili, akatazama namba saba, ambayo mimi huikata kwa kistari kidogo tumboni kama mwalimu wetu wa darasa la kwanza alivyotufundisha, akayafunga yote mawili, kisha akasema, "Yametoka katika darasa langu, mwalimu ni mimi, wa kuulizwa ni mimi," na hakuongeza neno, ingawa walimwuliza mara tatu.

Tuzo haikuja chuoni kwetu wala haikutusumbua tena, ila Jumatatu tarehe 24 Oktoba mkuu wa chuo aliniita akanisomea barua ya kumwondoa marehemu katika ualimu kwa kosa la kughushi, akampa kazi ya kutunza stoo ya vitabu na kusimamia mitihani mpaka astaafu, na barua hiyo niliipiga chapa mimi, herufi kwa herufi, bila kosa, nikaiweka kwenye bahasha, nikaipeleka mwenyewe maabara. Aliipokea kwa mikono miwili, akaisoma, akaniambia, "Ahsante, mdogo wangu, nenda kazini usije ukachelewa," basi. Kesho yake niliyatoa yale madaftari halisi kabatini, nikayachana, nikayatia katika gunia la karatasi chakavu linalobebwa kila Jumanne, kwa sababu niliogopa, nilikuwa na watoto watatu shuleni na mume asiye na kazi, na niliona kwamba siku yakionekana ni mimi nitakayefukuzwa. Nayasema haya kama yalivyo, si kwa ajili ya kuhurumiwa.

Idara ya kemia ilifungwa tarehe 16 Desemba 2016, siku ya kumbukumbu ya ndoa yake, meza sita zikatolewa nje zikanyeshewa mvua, na matokeo ya vitendo ya wale wanafunzi sita yakafutwa, wakaambiwa warudie, lakini hapakuwa tena na maabara ya kurudilia. Mmoja wao, wa mtambo wa maji, alikuwa ameahidiwa cheo cha msimamizi akipata cheti cha kemia, na kazi ile akapewa mtu mwingine, na binti mmoja aliyekuwa amepata nafasi ya kusomea ufamasia aliipoteza, akaolewa, sijui alipo. Watu hawa waliamini kwamba mwalimu wao aliwapikia namba ili apate tuzo, na sikuwalaumu, ningekuwa wao ningeamini vilevile, na yule wa mtambo wa maji aliwahi kukutana na marehemu mlangoni mwa benki, marehemu akanyoosha mkono, yeye akapita.

Kwa miaka saba kaka yangu alikuja kwangu kila Jumapili baada ya ibada, alikula, alicheka na watoto wangu, aliwasaidia hesabu, na hata siku moja hakunitajia madaftari, wala hakumtajia mkewe, na mimi kila Jumapili nilijiambia kwamba leo akimaliza chai nitamwambia, akamaliza chai, akaondoka. Nilistaafu kwa heshima mwezi Juni 2021, nikapewa saa ya ukutani na hotuba kwamba mimi ni mfano wa uaminifu, na marehemu alikuwapo ukumbini akapiga makofi.

Marehemu alianza kuugua mwezi Agosti 2022, kwa kikohozi na kubanwa kifua, akatibiwa kama mgonjwa wa nje, na Ijumaa tarehe 21 Julai 2023 alilazwa wodi ya wanaume, kitanda cha kumi na moja, madaktari wakasema mapafu yake yamekuwa magumu, wakamuuliza kama aliwahi kufanya kazi penye moshi wa kemikali bila feni, akajibu kwamba feni ilikuwapo. Jumapili tarehe 20 Agosti, tukiwa wawili tu, alinishika mkono akaniuliza kwa mara ya kwanza, "Yale madaftari yenyewe, ya watoto wangu, unayo?" Nami nilipaswa kusema hapana, nilipaswa kupiga magoti, lakini niliona jinsi alivyokuwa amekonda, ulimi ukanitangulia, nikasema, "Yapo, kaka, yapo nyumbani, nitayaleta." Akafumba macho, akaniambia hana haja ya kusafishwa jina, amekwisha kuzeeka nalo, ila akiyapata atamwomba mwalimu wa fizikia ayapeleke barazani, wale sita warudishiwe matokeo yao kabla hawajazeeka nao.

Tangu siku ile, kila nilipoingia wodini, kabla hajanitazama usoni alitazama mkoba wangu. Alimwambia mkewe, alimwambia binti yake muuguzi, alimwambia hata mgonjwa wa kitanda cha kumi na mbili, kwamba mdogo wake analeta kitu, na kwa wiki tatu nilikwenda na uji, na matunda, na shuka safi, na kila mara nikatoa kisingizio, mara ufunguo umepotea, mara sanduku liko juu, na yeye akasema, "Haya, kesho, usijisumbue." Alifariki Jumanne tarehe 12 Septemba 2023, saa nane mchana, mimi nikiwa nimeketi kando yake, na mkoba wangu ukiwa mapajani.

Juzi Alhamisi nilikwenda barazani nikiwa na barua ya kukiri, kurasa nne, yenye saini yangu halisi, nikapokelewa na karani, mwanamke wa makamo kama nilivyokuwa mimi, mpole, mwenye meza iliyopangika, akaisoma hadi mwisho, akaigonga muhuri, akanieleza kwa adabu kwamba faili haliwezi kufunguliwa bila madaftari halisi, kwamba aliyekiri kosa mwaka 2016 amekwisha kufariki na kwa utaratibu shauri lake linafungwa, na kwamba matokeo ya wale sita yatabaki kama yalivyo. Nilimwuliza kama kuna mtu wa juu yake, akasema barua kama hii ikipanda juu hurudishwa kwake yeye. Nikamshukuru, nikatoka. Kwa hiyo, ndugu zangu, sikuja hapa na habari njema ya mwisho, hakuna kitu kitakachorekebishwa, tuzo haitatolewa, chumba ni cha kompyuta, na baraza litaendelea kumwandika kaka yangu kuwa mghushi muda wote vitabu vyake vitakapokuwapo.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya wanaume, inamshukuru mgonjwa wa kitanda cha kumi na mbili aliyekuwa akimsomea gazeti, inawashukuru majirani waliopika na kukesha nasi, na walimu wenzake, hasa wa fizikia, ambaye hakumwacha hata siku moja. Inawashukuru pia wanafunzi wake wote, na kati ya wale sita namwona mmoja, wa mtambo wa maji, amesimama kule nyuma karibu na ukuta, sikutegemea kukuona, ndugu yangu, na sijui umekuja kwa moyo gani. Mwalimu wako hakukupikia namba hata moja. Zile zilizokatwa na zile zilizotofautiana zilikuwa zako, zilikuwa za kweli, na aliyezifuta ni mimi, kwa hiyo huyu aliye ndani ya jeneza usimkasirikie tena, mwenye kosa anapatikana, ninakaa nyumba ya tatu baada ya duka la cherehani, na mlango siufungi.

Kaka, sina nilichokuletea. Ulale, upumzike kwa amani, kama huko kuna amani ambayo mikono yangu haiifikii.